Bili ya Usingizi Wangu

Bili ilinikuta darasani, chaki mkononi na mtoto mgongoni. Tarishi wa wakili hakungoja hata nimalize mstari niliokuwa nauandika ubaoni. Aliingia na kofia yake kichwani, akanipa bahasha mbele ya wasichana thelathini na wanne, akasema kwa sauti ya mtu anayenadi nguo mnadani, "Mwalimu, deni lako."

Niliifungua pale pale. Mtu akinitangaza mbele ya watu, nami namalizia mbele ya watu. Karatasi ilipigwa taipu kwa Kiingereza, na nadhani aliyeipiga alitegemea nitaipeleka kwa mtu anisomee. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la kumi, na Kiingereza cha bili si kigumu. Mashauri ya kwanza, Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, saa mbili kamili, shilingi thelathini. Zilipwe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo madai yatapelekwa mahakamani.

Mshahara wangu wa mwezi mzima ulikuwa shilingi arobaini na mbili. Lakini hata hilo silo lililofanya chaki ivunjike mkononi mwangu. Ni kwamba katika hizo saa mbili nilizokuwa nadaiwa, mimi nililala. Nasema kweli. Nililala kwenye kiti cha wakili kama mtu aliyemaliza kulima ekari mbili, na sikusikia neno.

Nieleze kwa nini nilikwenda kwake.

Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikufa kwa homa miezi miwili kabla binti yetu hajazaliwa. Mtoto alipofikisha mwaka, kaka mkubwa wa marehemu alitoka kwao, mbele ya Nyegezi, akaja chumbani kwangu Mirongo, akakaa kwenye mkeka wangu, akanywa uji wangu, akasema mtoto akishaachishwa ziwa atakuja kumchukua.

"Shemeji, ng'ombe tulitoa," alisema. "Ng'ombe wakitoka, mtoto ni wa kwetu. Wewe bado kijana. Utaolewa, utazaa wengine."

"Kama wengine ni rahisi hivyo, kawazae wewe."

Alicheka. Hicho ndicho kilichoniuma, kicheko cha mtu ambaye amekwisha kushinda. Wiki ile ile alipeleka shauri kwenye baraza la mtemi, na baraza likatupangia siku.

Kwetu Usukumani ndivyo ilivyo. Ng'ombe wa mahari wakihama zizi, watoto wanahesabiwa upande walikotoka ng'ombe. Lakini baba yangu aliahidiwa kumi na wawili, na waliofika zizini kwake walikuwa saba. Watano waliobaki mume wangu alisema watakuja baada ya msimu wa pamba. Halafu baada ya msimu mwingine. Halafu akafa, na baba yangu naye akafa nyuma yake. Mama alikwisha tangulia zamani. Sasa shemeji anasema walitoka wote kumi na wawili, na wa kubisha nimebaki mimi tu. Na mimi siku ng'ombe walipopokelewa nilikuwa shuleni kwa masista, natia nakshi vitambaa vya altare. Sikumwona hata mmoja.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia, "Nenda kamwone wakili, yule mzee wa Kihindu wa barabara ya bandarini. Kumwona tu hakuna neno."

Nilikwenda Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nilinunua sato wawili ufukweni, wazima, bado wanapumua, nikawafunga kwa majani ya mgomba, kwa sababu huendi kwa mtu mzima mikono mitupu, hasa ukiwa umebeba shida. Juu ya ngazi alikaa karani, Msukuma mwenzangu, mwenye miwani na kalamu sikioni. Nikamuuliza nitatakiwa nilipe nini. Akapokea samaki, akawapima kwa mkono, akasema, "Leo ni kuonana tu, mama."

Kuonana tu. Nilitembea na maneno hayo kama mtu anavyotembea na risiti.

Chumba kile nakiona mpaka leo nikifumba macho. Kilikuwa juu ya duka la vitambaa, na dirisha lake lilitazama ziwa. Chini barazani cherehani tatu zilikuwa zinakimbia, moja mbele, mbili zinaifuata, kisha zote zinasimama, kisha ile ya kwanza inaanza tena. Pangaboi lilizunguka polepole katika joto la mchana ule, likisukuma harufu ya iliki na karatasi kongwe kutoka ukuta huu hadi ule. Na darini palikuwa na ziwa. Sijui niseme vipi. Jua lilipiga maji, maji yakarusha mwanga juu, ukapita dirishani na kutua darini, ukawa unacheza pale kwa mawimbi madogo madogo, ya dhahabu na ya kijani, kana kwamba nyumba imegeuzwa na sisi tumekaa chini ya maji tukitazama juu.

"Mwadila," wakili alisema. Alinisalimu kwa salamu ya kwetu ya mchana, mzee yule mwembamba mwenye koti jeupe, mzaliwa wa Mwanza hapa hapa. Nikapiga goti kidogo, nikampa shikamoo, akaniitikia. Akaniuliza habari za nyumbani. Akauliza mvua. Akauliza pamba, akauliza mifugo, akauliza jina la mtoto na meno yake mangapi. Kwetu hutoi shida yako kabla ya kuulizwa hayo, na mimi nikasema moyoni, kumbe huyu ni mtu. Kisha nikamweleza yote, ng'ombe saba, ng'ombe kumi na wawili, mtoto. Akaandika. Akaagiza chai ya maziwa, tamu, yenye tangawizi. Mtoto alishika ziwa, akalegea, akalala mapajani mwangu. Yule alikuwa anaota meno, nami nilikuwa sijafumba macho sawasawa siku tatu.

Wakili akaanza kusema. Nikainamisha macho, kama nilivyofundishwa na mama. Mzee akisema, humkazii macho. Unatazama mikono yako. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa juu ya mtoto, na juu ya mikono ukaja mwanga wa ziwa, ukatembea vidoleni.

Nikawa nimesimama kwenye jiwe kubwa la ufukweni, moja la mawe yale yanayokaa majini kama tembo wanaooga. Hakukuwa na upepo. Ng'ombe walianza kutoka ziwani. Hawakuogelea, walitembea tu kutoka chini, kichwa kwanza, pembe zikipasua maji bila sauti, kisha mgongo, kisha mkia unaodondosha matone. Na mahali fulani, nyuma ya mafunjo, sauti ya mtu ilikuwa inawaita kwa rangi zao, bila haraka. Mwekundu mwenye paji jeupe. Mweusi mtupu. Wa kijivu kama jivu la juzi. Kila rangi ikitajwa, ng'ombe wake anatoka, ananipita, ananigusa bega kwa pua ya baridi. Wa mwisho alikuwa mtamba wa rangi ya asali. Baada yake maji yalifunga. Nilijua wapo wengine. Nilisubiri. Mwanga ulikuwa mwingi mno na sauti nyuma ya mafunjo ilinyamaza, nami nikawa nasubiri, nasubiri, na haikuwa vibaya kusubiri, ningeweza kusubiri pale mpaka mtoto awe bibi.

"Basi, mama, ndiyo hivyo," wakili alisema. "Umeelewa?"

Mwanga ulikuwa umehama darini, umeshuka ukutani. Chai yangu ilikuwa na utando. Nikasema, "Nimeelewa, mzee." Ningesema nini? Nikasimama, nikamfunga mtoto mgongoni, nikashuka ngazi huku miguu imejaa sisimizi. Nikajiambia kwamba leo ilikuwa kuonana tu. Nitarudi siku nyingine nikiwa macho, anishauri.

Siku ya nne ndipo ikaja bahasha.

Siku hiyo nilipiga kengele ya kutoka mapema kwa dakika kumi, Mungu na masista wanisamehe, nikaenda moja kwa moja barabara ya bandarini. Mjini kwetu habari hazina haja ya tarishi. Zilikuwa zimebaki siku tano baraza likae, na niliweza kumsikia shemeji waziwazi, akisimama mbele ya watu na kusema, "Huyu hana mume, hana baba, ana deni la wakili. Mtoto atamlisha nini, chaki?" Kile nilichokwenda kukitafutia msaada ndicho ambacho karatasi ile ingenipokonya.

Ziwa lilikuwa limetulia jioni ile, na wingu la wadudu wadogo lilisimama juu ya maji mbali, kama moshi wa moto usiokuwepo. Nakumbuka nililitazama na kulichukia kwa uzuri wake.

"Bwana ana mteja," karani alisema juu ya ngazi.

"Na mimi ni mteja. Karatasi yako inasema hivyo."

Nikaingia. Ndani hakukuwa na mteja yeyote. Wakili alikuwa peke yake anamenya chungwa.

"Shikamoo," nikasema. Nilikuwa nimekasirika, lakini sikutupa malezi dirishani.

"Marahaba. Kaa, mama."

"Sikai. Nikikaa mnanihesabia."

Karani alikohoa mlangoni. Nikaweka bili mezani, juu ya maganda ya chungwa. "Hii ya nini?"

"Ya mashauri. Jumamosi. Saa mbili."

"Mashauri yapi? Nilikusalimu, nikakueleza shida yangu, nikanywa chai yako, nikalala."

"Ukafanya nini?"

"Nikalala, mzee."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye kioo. "Hapana," alisema. "Hukulala. Uliinamisha macho. Karani wangu ameniambia miaka yote, mwanamke wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hamtazami mzee usoni anaposema. Wengine huja hapa wakanikodolea macho kama nimewaibia kuku. Wewe ukainamisha macho. Nikasema moyoni, huyu ana kwao. Nikasema nawe taratibu, neno kwa neno, ili usikose hata moja. Na ulikuwa ukiitikia kwa kichwa."

"Nilikuwa nasinzia!"

"Uliitikia mara nyingi. Tena mahali penyewe hasa."

"Kichwa kilikuwa kinaanguka, mzee."

"Na mwisho nikakuuliza kama umeelewa. Ukasema umeelewa."

Hapo alinipata. Nilisikia uso ukipata moto. "Nilisema kwa aibu," nikamwambia. "Wewe ungeamkia kwenye kiti cha watu, mate kidevuni, ungesema nini?"

Akarudia kumenya chungwa. Nikaona nafasi, nikaingia nayo. "Na sato wangu je? Mbona sato wangu hawamo kwenye karatasi?"

"Sato gani?"

"Wawili. Walikuwa bado wanapumua."

"Mama, mimi sili samaki. Nyumbani kwetu hajaliwa samaki tangu enzi za babu yangu."

Tukageuka sote wawili kumtazama karani. Karani alikuwa anaitazama mashine ya taipu kwa makini sana, kama mtu aliyeona ndege ametaga ndani yake.

"Walikuwa wazuri?" nikamuuliza.

"Walikuwa na mafuta," alisema polepole.

"Na ulipowapokea uliniambia nini? Sema mbele ya bwana wako."

"Nilisema leo ni kuonana tu."

"Karani," wakili alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bibi huyu Jumamosi alilala?"

Karani alitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Alikoroma kidogo, bwana."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema vizuri sana, bwana. Nikaona vibaya kukukatiza."

Mzee aliweka chungwa chini. Alitazama kiti changu kitupu muda mrefu. Nilikuja na hasira ya kutosha watu watatu, na sikuwa na nia ya kuigawa, lakini nitasema nilichokiona. Niliona mtu aliyezungumza saa moja na nusu na mtu asiyekuwepo. Mwanga wa darini ulimpita usoni, ukarudi, ukampita tena.

"Yalikuwa mashauri mazuri," aliliambia chungwa lake.

"Basi niambie tena."

"Tena?"

"Kwa shilingi hizo hizo. Uliza duka lolote hapo chini. Kitambaa kikiwa bado mezani kwa mwenye duka, mnunuzi hajakichukua, hata kama kimepimwa na kukatwa, hadaiwi kitu. Nikabidhi kitambaa changu, ndipo tuongee bei. Karani, tazama saa."

Nikakaa. Safari hii sikutazama mikono. Nilimtazama mzee wa watu usoni, machoni, ndani kabisa, kitu ambacho sijapata kumfanyia mtu mzima tangu nizaliwe. Shingo iliniuma kwa haya. Na yeye akababaika. Akatazama kidau cha wino. Akatazama dirisha. Maneno aliyokuwa ameyavika nguo nyingi Jumamosi yalitoka sasa karibu uchi.

La kwanza, alisema, yeye haruhusiwi kukanyaga kwenye baraza la mtemi. Mawakili hawaingii katika korti za wenyeji, ndiyo sheria ya serikali, kwa hiyo nitasimama mwenyewe na kusema mwenyewe. (Jumamosi hili peke yake lilichukua karibu nusu saa. Karani alithibitisha.)

"La pili," alisema, "usibishane idadi. Yeye atasema kumi na wawili, wewe utasema saba, na wewe hukuwepo. Waombe wazee wamwite mtu aliyewaswaga ng'ombe wale kutoka kwao hadi kwenu. Halafu usimuulize walikuwa wangapi. Mwambie awataje kwa rangi. Mmoja mmoja."

"Kwa rangi?"

"Baba yangu alinunua ngozi kwa wafugaji maisha yake yote. Aliniambia, mfugaji atakudanganya bei, atakudanganya idadi, atakudanganya njia. Lakini hajapata kumwona hata mmoja aliyeweza kusimama mbele ya wafugaji wenzake akataja ng'ombe ambaye hakuzaliwa. Watamuuliza mama yake ni nani. Watamuuliza pembe zake. Jumamosi nilikutolea na mifano. Nilisema, tuseme wa kwanza ni mwekundu mwenye paji jeupe..."

"Wa pili mweusi mtupu," nikasema. "Wa tatu wa kijivu."

Alinitazama. Chini, cherehani zilikuwa zimesimama zote tatu kwa pamoja. Nilisikia tena ile pua ya baridi ikinigusa bega, na kwa kitambo sikujua kama niko juu ya duka la vitambaa au juu ya jiwe.

"Kumbe ulisikia," wakili alisema, na uso wake ukafunguka.

"Niliota," nikamjibu. "Kuota hakulipiwi."

"Dakika kumi na moja," alisema karani kutoka mlangoni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sikuhitaji karatasi. "Saa mbili kwa shilingi thelathini ni dakika nne kwa shilingi," nikasema. "Dakika kumi na moja ni shilingi mbili na senti sabini na tano."

"Ushauri hauuzwi kwa dakika, mama."

"Wewe ndiye uliyeuza kwa saa."

Hapo alicheka, na kicheko chake hakikuwa cha shemeji yangu, lakini mimi sikucheka. Sikutaka kufanywa kichekesho kwa shilingi thelathini. Tulivutana mpaka mwanga ukatoka ukutani na kwenda zake. Akasema ishirini. Nikasema tatu. Akasema nilipe baada ya baraza, na nikishindwa nisilipe kitu. Nikamwambia huruma yake aiweke kwenye chungwa, mimi nataka haki, kwa sababu huruma nikiipokea shemeji ataisimulia. Tukafika kumi, tano pale pale na tano mwisho wa mwezi. Nikamtaka aichane ile ya thelathini mbele yangu na karani apige nyingine, yenye maneno kwamba sidaiwi zaidi. Karani aliipiga kwa vidole viwili, na alipomaliza akatoa mfukoni shilingi moja na nusu za samaki, bila mtu kumwambia. Nikazipokea. Nilizihesabu mbele yake.

Siku ya baraza nilivaa gauni langu la kanisani. Wazee walikaa kwenye viti vyao vya miguu mitatu, watu chini, vumbi likiwa bado limelala kwa umande. Shemeji alisema ng'ombe walitoka kumi na wawili. Akasema na deni la wakili, kama nilivyojua atasema. Nikamkabidhi karani wa baraza karatasi yangu ya shilingi kumi, akaisoma kwa sauti, na hilo likaishia hapo. Kisha nikaomba aitwe aliyewaswaga.

"Mwanamke huyu anatazama watu," mzee mmoja alisema.

"Ndiko kusoma huko," alisema mwingine.

Nikaendelea kutazama. Aliyewaswaga alikuwa binamu yao, mchungaji, mtu wa miguu mirefu na maneno machache, na alikuja na fimbo yake kwa sababu hakujua kusimama bila fimbo. Nikamwambia, "Kaka, sikuulizi idadi. Nitajie ng'ombe uliowaleta kwa baba yangu, kwa rangi zao, kama walivyotangulia njiani."

Uso wake ulibadilika. Ukawa laini. Naapa, alifumba macho. "Alitangulia dume mwekundu, mkia mweupe," alisema. "Alikuwa na haraka, huyo. Nyuma yake mama wawili weusi, ndugu. Kisha yule mwenye madoa ya kanga, aliyekuwa anachechemea, tulipumzika kwa ajili yake mara mbili. Kisha wa rangi ya maziwa. Kisha fahali mdogo wa kijivu. Kisha mtamba mmoja, wa asali."

Akafumbua macho. Nilikuwa nimeacha kupumua tangu aliposema wa asali. Watu wote walikuwa wameinama mbele, pale vumbini, wanamwona kila mmoja anavyopita, na sasa walikuwa wanamngojea wa nane. Hakuja. Mchungaji aliegemea fimbo yake.

"Endelea," shemeji alisema.

"Niendelee na nani?"

"Yule wa kahawia! Mwenye pembe moja!"

Mchungaji alimgeukia kwa mshangao wa kweli. "Wa pembe moja? Si nimemkamua asubuhi hii zizini kwako?"

Kicheko kilianzia kwa wazee wenyewe. Shemeji aliinamisha macho, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mtu anavyoweza kuyainamisha bila heshima yoyote ndani yake.

Wakaamua kwamba mtoto atakaa na mama yake mpaka ng'ombe watano waliobaki wafike. Ndivyo walivyosema. Mpaka wafike. Watu walinipongeza, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nilisimama pale na mtoto mgongoni nikisikia maneno hayo mawili yakizunguka kichwani kama pangaboi. Hawakusema mtoto ni wangu. Walisema bado hajalipiwa. Hasira ile sijaiweka chini, na sina mpango wa kuiweka.

Shilingi tano za mwisho nililipa mwisho wa mwezi, kama tulivyoandikiana. Nikipita barabara ya bandarini, mzee husimama dirishani, husema "Mwadila," nami humwitikia huku namtazama usoni. Amezoea. Ushauri wake ulikuwa mzuri na bili yake ilikuwa mbaya, na sijaona kwa nini la kwanza lilifute la pili.

Binti yangu sasa ana miaka minne. Kila msimu wa pamba shemeji hutuma neno kwamba mwaka huu ng'ombe watakuja, na kila msimu bei inashuka, au mvua inakata, au anaoa. Jumamosi tunakwenda ufukweni na nguo chafu. Yeye hupanga vijiwe, mimi hukaa kwenye jiwe kubwa huku nguo zikikauka, na jua hupiga maji, na mwanga hupanda usoni mwangu, na macho huanza kulegea. Huwaona wakitoka. Mwekundu, weusi wawili, wa kanga anachechemea. Nawahesabu mpaka wa asali. Kisha maji yanafunga, na mimi najua wako chini pale, watano, wamesimama kwenye tope baridi, wanangoja kuitwa.

Siwaiti. Nafumbua macho, namwita mtoto, nakunja nguo. Wakae huko huko.